Neno "batter" la Kiingereza: aliyepigwa na anayepigwa si mtu mmoja

Mleta uzi

Ndugu zangu wapenzi wa lugha, naomba tulijadili neno moja la Kiingereza ambalo wengi wetu hulimaliza kwa neno "piga" au "pigapiga" kisha tukaendelea na kazi. Neno lenyewe ni "batter". Nami nililimaliza hivyo kwa miaka mingi, hadi nilipopewa kazi ya kutafsiri kijikaratasi cha nyumba moja ya hifadhi ya wanawake wanaokimbia ukatili wa waume zao. Kiingereza kiliwataja "battered women", nami bila kusita nikaandika "wanawake waliopigwa". Kijikaratasi kikachapishwa na kugawiwa.

Baada ya muda mhudumu wa nyumba ile alinieleza kisa ambacho hakijanitoka moyoni. Alimsomea kijikaratasi hicho mama mmoja aliyekuja kuulizia. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akakikunja mara mbili, akakirudisha mezani na kusema kuwa hicho hakimhusu, kwa sababu wanawake hao walipigwa na mambo yao yamekwisha, ilhali yeye anapigwa, na jioni akirudi nyumbani atapigwa tena. Mhudumu alimwelewesha na akabaki. Lakini mimi nilijiuliza ni wangapi waliokisoma wakiwa peke yao, bila mtu wa kuwaelewesha, wakakirudisha mahali pake.

Kosa langu lilikuwa la wakati zaidi kuliko la msamiati. Neno "batter" lina mambo matatu ndani yake: mapigo ni mengi, mapigo ni mazito, na kinachopigwa huachwa na alama au huharibika hatua kwa hatua. Likikosekana mojawapo, mzawa wa lugha hiyo hutafuta neno jingine. Kofi moja, hata liwe kali namna gani, haliitwi hivyo. Kugonga mlango mara tatu kwa adabu ni kurudia, lakini nako hakuitwi hivyo, kwa kuwa mlango hauumii. Hata mvua wameigawa: ile nyepesi inayodondoka juu ya bati kwa sauti ya vidole wameipa neno "patter", na dhoruba inayolipiga bati hadi misumari ikalegea wameipa "batter". Herufi moja tu ndiyo inayotenganisha utulivu na uharibifu.

Asili yake ni kitenzi cha Kilatini "battuere", kupiga, kilichopitia Kifaransa cha kale kwa umbo la "batre", na mwishoni mwake kuna "-er", ambayo katika Kiingereza cha zamani ilikuwa nyenzo ya kuonyesha tendo linalorudiwarudiwa. Ni kiambishi kilekile kinachoonekana katika "patter", lililotoka kwenye "pat", yaani kugusa kwa kiganja, na katika "flutter", kupapatika. Kwa hiyo kurudia hakukuongezwa juu ya maana. Kumo ndani ya umbo la neno, kama vile sisi tunavyorudia shina zima.

Anayetaka kuliona neno hili kwa macho na alifikirie lile gogo la kubomolea kuta, "battering ram" kwa Kiingereza, lililotumika katika vita vya kale. Warumi waliliita "aries", yaani kondoo dume, kwa jinsi linavyorudi nyuma na kupiga kwa kichwa, likarudi tena na kupiga palepale. Pigo la kwanza halibomoi kitu. Hata hivyo, mwaka 57 kabla ya Kristo, jemadari wao Julius Caesar alipouzingira mji wa Waatuatuci, kabila moja la Galia, yaani eneo la Ufaransa na Ubelgiji ya leo, aliwaambia kwamba angeuhifadhi mji wao iwapo wangejisalimisha kabla gogo halijaugusa ukuta. Mpaka uliwekwa kwenye pigo la kwanza, ingawa ukuta ungekuwa bado umesimama, kwa maana kila mmoja alijua kuwa gogo likishaanza haliachi.

Ninaomba mawazo yenu: tulitafsirije neno hili, hasa linapomhusu binadamu?

Mchangiaji wa kwanza

Mleta uzi, nakushukuru kwa mada yenye uzito. Naona hata hivyo kwamba jibu umelitaja wewe mwenyewe uliposema kuwa sisi hurudia shina. Kama "-er" ya Kiingereza ni alama ya kurudia, basi "pigapiga" ndilo neno linalolingana nalo kwa umbo na kwa maana. Kwa nini tusilitumie na kulizoesha?

Mleta uzi

Ndugu, nami nilikimbilia hapohapo, na ndipo nilipogundua kwamba kurudia shina katika Kiswahili kunafanya kazi mbili zinazopingana. Anayetembeatembea hana safari. Anayesomasoma anafunua kurasa tu. Anayechezacheza hajaingia mchezoni. Katika vitenzi hivyo idadi ya matendo inaongezeka na uzito wake unapungua. Ndiyo maana mtu akisema mama alimpigapiga mtoto mgongoni mpaka akapata usingizi, hakuna anayeshtuka, kwa sababu sote tunaona kiganja kinachobembeleza. Mto wa kulalia nao hupigwapigwa ili upate kufutuka. Ukiandika kwamba mwanamke alipigwapigwa na mumewe, msomaji makini atahisi kuwa jambo lilikuwa dogo, au hata la mzaha, na hilo ni kosa baya kuliko lile langu la kwanza.

Upande wa pili tunavyo katakata, vunjavunja, chanachana na pondaponda, ambamo idadi na ukali huongezeka pamoja. Nimejaribu kutafuta sababu ya tofauti hii, na naiona ndani ya vitenzi vyenyewe. Kata, vunja, chana na ponda hubadili umbo la kitu kwa tendo moja. Yakiongezeka matendo, vipande navyo vinaongezeka. Piga hakiahidi badiliko lolote. Unaweza kupiga ngoma miaka 10 na ngoma ikabaki ngoma. Tena kitenzi hiki tumekituma kila mahali: tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga hodi. Kimezoea kazi nyepesi kiasi kwamba kinapofika kwenye mwili wa mtu kinahitaji kusaidiwa na neno jingine ili kisikike.

Kuna njia ya tatu ambayo hatuitaji sana, nayo ni kuongeza "-ilia" mwishoni. Pigilia, shindilia, shikilia: hapa tendo linaendelea na linafanywa kwa ukamilifu. Anayepigilia msumari au sakafu ya udongo anapiga mara nyingi, kwa nguvu, na kitu kinabadilika, yaani sifa zote tatu za "batter" zimo. Lakini pigilia kimekwisha kuwa cha misumari na sakafu, na sijapata kumsikia mtu yeyote akikitumia kwa mwili wa binadamu. Kwa hiyo lugha ina mashine tatu za kurudia, na hakuna hata moja inayotufikisha tukiitumia peke yake.

Mchangiaji wa pili

Naomba nichangie kwa upande wa tiba, kwa sababu neno hili lina historia huko, na historia hiyo inathibitisha kile alichosema mleta uzi kuhusu wakati.

Mwaka 1946 daktari wa picha za eksirei huko Marekani, John Caffey, aliandika kuhusu watoto wachanga 6 waliokuwa na damu iliyovilia kati ya ubongo na fuvu na wakati huohuo wakawa na mifupa mirefu iliyovunjika mahali pengi, bila historia ya ajali iliyoweza kueleza mivunjiko hiyo. Miaka 16 baadaye, mwaka 1962, Henry Kempe na wenzake walichapisha makala katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani na kuipa hali hiyo jina lililotumia neno "battered" kwa mtoto. Jina hilo liliwatikisa madaktari kuliko maelezo yote yaliyotangulia, na katika miaka michache iliyofuata majimbo ya Marekani yakatunga sheria za kuwataka madaktari waripoti visa vya namna hiyo.

Sasa tazameni jinsi ushahidi unavyoonekana kwenye picha. Mfupa uliovunjika leo huonekana kama ufa wenye kingo kali. Baada ya siku kadhaa ukingo huanza kufifia, na baada ya wiki chache huota mfupa mpya kuuzunguka mvunjiko kama uvimbe mweupe, ambao baada ya miezi hulainika na karibu kupotea. Mtoto aliyeanguka kitandani mara moja, mivunjiko yake yote ina umri mmoja. Lakini ukiweka mezani picha ya mtoto ambaye ubavu wake mmoja una ufa mpya, mwingine una uvimbe mweupe, na mfupa wa mkono una alama ya zamani iliyokwisha kuunga, hapo unasoma tarehe tatu katika mwili mmoja. Ndiyo maana Kempe hakuhitaji neno la pigo kubwa. Alihitaji neno la mapigo yaliyofuatana. Mtu akitafsiri hali hiyo kuwa "mtoto aliyepigwa" anafuta kile hasa ambacho daktari alikiona.

Mimi huandika "mtoto mwenye majeraha ya vipigo vya mara kwa mara". Ni maneno mengi, nakiri, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza nilikuwa na maana gani.

Mleta uzi

Ndugu daktari, umenipa mfano bora kuliko wangu. "Vipigo" kwa wingi kinafanya kazi ambayo "kupigwa" hakiwezi, kwa sababu nomino ya wingi inahesabika. Kinachonisumbua ni kwamba "kipigo" kwa umoja nacho kinaweza kuwa na mapigo mengi ndani yake: mtu hupata kipigo kimoja chenye ngumi 20. Kwa hiyo "vipigo" ni matukio mengi, na ndani ya kila tukio kuna mapigo mengi. Hilo linafaa sana, maana "battered" linapomhusu mtu linahesabu siku kuliko linavyohesabu ngumi.

Mchangiaji wa tatu

Nafanya kazi ya ukalimani mahakamani, na ningependa kuonya kuhusu ndugu wa karibu wa neno hili, yaani "battery". Wengi hudhani kwa kuwa "batter" ni kupiga mfululizo, basi "battery" katika sheria ni kosa la kupiga mfululizo. Sivyo. Katika sheria ya Uingereza, Jaji Mkuu Holt alisema katika kesi ya Cole dhidi ya Turner, mwaka 1704, kwamba kumgusa mtu kwa hasira, hata kwa mguso mdogo kabisa, ni "battery". Mguso mmoja unatosha, na jeraha halihitajiki. "Assault", neno linaloambatana nalo daima, kwa maana yake kali ni kumfanya mtu atarajie kupigwa papo hapo, hata kama mkono haujamfikia. Kiswahili cha kila siku huyaita yote mawili "shambulio", na mkalimani asipokuwa mwangalifu atatafsiri mashtaka mawili kwa neno moja, na mshtakiwa akajibu swali ambalo hakuulizwa.

Maana mbili hizi, ile ya mguso mmoja na ile ya mapigo ya miaka, zimewahi kugongana waziwazi. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kesi ya Lavallee, ya mwanamke aliyempiga risasi mwenzi wake alipokuwa akitoka chumbani, baada ya mwenzi huyo kumtishia maisha. Ukiitazama dakika ile peke yake, mtu aliyekuwa anaondoka hakuwa hatari ya papo hapo. Mahakama, kwa maelezo yaliyoandikwa na Jaji Bertha Wilson, ilikubali kwamba baraza la wazee wa mahakama lilistahili kumsikiliza mtaalamu wa magonjwa ya akili akieleza jinsi mtu aliyeishi chini ya vipigo kwa muda mrefu anavyoweza kuitambua hatari kabla haijafika, na hukumu ya kumwachia huru ikarudishwa. Sheria imezoea kuuliza kilichotokea dakika fulani. Neno "battered" lilipoingia mahakamani liliilazimisha isikilize miaka iliyotangulia dakika hiyo.

Kwa hiyo shahidi akisema "he battered me", mimi sikubali kutafsiri kabla sijamwomba hakimu ruhusa ya kuuliza kama ni siku moja au ni siku nyingi. Kiswahili kitanidai jibu hilo kwa kuwa lazima nichague kati ya "alinipiga sana" na "alikuwa akinipiga".

Mchangiaji wa nne

Samahani kwa swali ambalo huenda likaonekana dogo. Je, betri ya simu na ya gari ina uhusiano na hayo yote? Na unga uliokorogwa jikoni, ambao Waingereza nao huuita "batter"? Na mchezaji wa kriketi?

Mleta uzi

Si swali dogo hata kidogo, ndugu yangu. Betri yetu ni mtoto halali wa ukoo huu. Neno "battery" lilianza na maana ya kupiga, likahamia kwenye safu ya mizinga inayopiga kwa pamoja, kisha mwaka 1749 Benjamin Franklin, katika barua aliyomwandikia Peter Collinson, akaliazima kuita vioo 11 alivyovipanga pamoja ili vitunze umeme na kuutoa kwa mkupuo mmoja. Mwanasayansi wa Kiitalia Volta alipotangaza mwaka 1800 mnara wake wa visahani vya metali vilivyotenganishwa na karatasi nzito iliyolowa maji ya chumvi, jina likahamia huko, na kutoka huko likatufikia sisi likiwa betri.

Unga uliokorogwa na mayai na maziwa uliitwa hivyo kwa kuwa hupigwa, nasi pia husema kupiga mayai. Kiswahili chake ni rojo la unga, na sioni tatizo hapo. Mchezaji wa kriketi ni jambo jingine, kwa maana "-er" yake si ya kurudia bali ni ya mtendaji: ni mtu anayeshika "bat", yaani gongo. Kanuni za kriketi zenyewe zilianza kutumia jina hilo rasmi mwaka 2021, klabu ya MCC, inayozitunza kanuni hizo, ilipoamua kuacha neno lililomtaja mwanamume peke yake. Tumwite mpigaji.

Wapo na ndugu wengine ambao hawafanani tena na baba yao. "Combat" ni kupigana, na "debate" lilikuwa kugombana kabla halijatulia likawa mjadala.

Mchangiaji wa tano

Mimi huhariri habari, na hukutana na neno hili karibu kila wiki likiwa halimhusu mtu: pwani iliyopigwa na dhoruba, sanduku kuukuu, uchumi wa nchi. Waandishi wachanga huweka "iliyopigwa" kote. Nimekuwa nikipendekeza "chakaza" na ningependa kujua kama mnakubaliana nami. Kinatokana na kuchakaa, kwa hiyo kina ndani yake wazo la kuharibika kidogokidogo, na hapo hapo kina mtendaji. "Uchumi uliochakazwa na ukame wa miaka mitatu" inasikika sawasawa kwangu.

Kwa dhoruba naona ni bora kubaki na piga na kuongeza muda, kwa mfano "mawimbi yaliipiga pwani siku 3 bila kukoma", kwa sababu upepo na mawimbi tumezoea kusema yanapiga.

Mleta uzi

Mhariri, "chakaza" ni zawadi, na nasikitika kwamba sikuwa nimekifikiria. Kwa vitu na kwa mambo kama uchumi kinakaa vizuri sana. Kwa sanduku ningesita, kwa sababu sanduku huchakaa hata kwa kukaa tu darini, na Mwingereza akisema "battered suitcase" anataka uone mabonde ya mapigo, pembe zilizoingia ndani, na kufuli iliyopinda. Ningesema "sanduku lililobonyeabonyea". Angalieni pia kwamba hapa kurudia shina hakukupunguza kitu, kwa kuwa bonyea ni kitenzi cha kubadilika umbo, kama vile kata na vunja. Kanuni niliyoijaribu hapo juu inaanza kunipa moyo.

Kwa mtu, "chakaza" kimekwisha kuchukuliwa na wanamichezo. Ukisema bondia alimchakaza mwenzake, watu wanashangilia.

Naomba pia niongeze jambo kuhusu matokeo, kwa sababu Kiingereza huyabana ndani ya neno dogo linalofuata kitenzi. "They battered the door down" ni maneno matano, na lile la mwisho ndilo linalouangusha mlango. Kiswahili hakipendi kubana hivyo, kinapenda kusimulia. Waliubamiza mlango kwa gogo hata ukang'oka kwenye bawaba. Kitenzi cha kwanza kinapiga, kisha "hata" au "mpaka" inabeba muda, kisha kitenzi cha pili kinaonyesha kilichotokea. Mtafsiri anayehesabu maneno atalalamika kuwa sentensi imerefuka. Mimi naona imerefuka mahali panapostahili, kwa kuwa katika "mpaka" ile ndimo mapigo yote yanamokaa.

Na kitenzi cha kwanza nacho kichaguliwe kwa kifaa kilichotumika. Waingereza wenyewe hufanya hivyo: "pummel" ni la ngumi, na lilitoka kwenye kile kinundu cha mwisho wa mpini wa upanga; "thrash" ni neno lilelile la kupura nafaka, lililohama kutoka uwanja wa mavuno likaenda kwenye mgongo wa mtu. Sisi tuna charaza kwa fimbo na mijeledi, twanga kwa ngumi kwa wale wanaolitumia hivyo, bamiza kwa kitu kizito kinachogongana na kingine.

Mchangiaji wa sita

Nimesoma yote kwa makini, na nina jambo moja linaloniuma. Mimi ni mwanamke niliyepitia hayo. Hata kwa Kiingereza wapo wanaolikataa neno "battered" kwa mtu, kwa sababu ni neno lilelile la sanduku. Linamfanya mwanamke aonekane kitu kilichobonyea, na mwanamume aliyebonyeza hatajwi popote. Kabla hamjatafuta Kiswahili cha neno hilo, jiulizeni kama mnataka kuleta na kasoro yake. Hao wengine siku hizi husema "manusura", na neno hilo nalo halinitoshi, kwa kuwa manusura ni yule ambaye ajali imekwisha naye yu hai, nami kuna miaka ambayo ajali ilikuwa bado inaendelea.

Mleta uzi

Dada yangu, pole, na asante kwa kutuambia. Umegusa mahali ambapo naamini Kiswahili kina nguvu kuliko Kiingereza, na sikuwa nimeliona mpaka uliposema. "Battered" ni sifa iliyotokana na kutendwa, nayo inasimama mbele ya nomino bila kumdai mtendaji. "Waliopigwa" yangu ilikuwa na kasoro hiyohiyo, pamoja na ile ya wakati. Lakini lugha yetu inaturuhusu kumrudisha mtendaji kwa urahisi kabisa: "mwanamke ambaye mumewe humpiga". Hapo anayepiga ana nafasi yake katika sentensi, tena yeye ndiye kiima, na "hu-" inaeleza kuwa ni mazoea yake yeye, wala si hali ya mwanamke.

Nilisita kidogo kati ya "hu-" na "-na-". "Hu-" ni ya mazoea lakini haiufungi mkono wa anayepiga na siku ya leo. Inafaa kwa maelezo ya jumla, kwa kitabu, kwa ripoti ya daktari. "-na-" inamfikia mtu palepale alipo. Yule mama aliyekirudisha kijikaratasi mezani alisema "napigwa", hakusema "hupigwa".

Mchangiaji wa tatu

Ninaunga mkono, na kwa upande wa mahakama ningeongeza kwamba "humpiga" inahitaji muda pembeni yake, vinginevyo wakili atauliza mara ngapi. "Amekuwa akimpiga tangu mwaka wa kwanza wa ndoa" haiachi mwanya.

Mleta uzi

Nimeichukua hiyo pia. Kwa mliouliza, kijikaratasi kinachapishwa upya, na nimeomba nionyeshwe nakala kabla hakijaenda kupigwa chapa. Kichwa chake sasa hakina nomino ya kumwita mtu, kina swali, na swali hilo tulilijaribu kwa kumsomea kila mhudumu wa nyumba ile kwa sauti: "Je, mume au mwenzi wako anakupiga?" Chini yake kuna mstari unaosema kuwa nyumba inampokea aliyepigwa usiku wa kuamkia leo, anayepigwa kila mwisho wa mwezi, na yule ambaye hajapigwa kwa miezi kadhaa lakini bado anasikiliza hatua za mlangoni. Mhudumu mmoja alipendekeza tuondoe maneno "kila mwisho wa mwezi" kwa kuwa yanabana mno, na tumekubaliana yawe "mara kwa mara". Neno "battered" lenyewe limebaki katika ukurasa wa Kiingereza, na katika ukurasa wa Kiswahili limegeuka kuwa sentensi tatu.